Bajeti ya kuongeza doma kwenye nyumba Uingereza: mwongozo kamili toka kupima darini mpaka malipo ya mwisho

Familia nyingi za kwetu zinazoishi Uingereza zinafika mahali nyumba haitoshi tena, watoto wamekua kila mmoja anataka chumba chake, bibi anakuja kukaa miezi kadhaa na hakuna pa kumlaza, na kuhamia nyumba kubwa nako kuna mziki wake mana unalipa kodi ya kununua nyumba, unalipa wakili, afu mkopo mpya unaweza kuwa na riba kubwa kuliko ule ulionao. Kwaiyo watu wanaangalia juu, darini. Sasa darini ukipaacha na mteremko wa paa ulivyo unapata kijichumba cha kuinama, unasimama katikati tu, ndo mana watu wanaweka doma, yani kile kibanda chenye dirisha kinachochomoza kwenye mteremko wa paa, kina uso wa mbele uliosimama wima, mashavu mawili ya pembeni na kipaa chake juu ambacho mara nyingi ni bapa. Hapo ndo dari inakuwa chumba cha kuishi mtu.

Nachotaka ushike toka mwanzo ni hiki: bei anayokutajia mkandarasi siyo bajeti. Kati ya ile bei na hela itakayokutoka kweli mpaka mtu analala mle ndani kuna tofauti kubwa, na wala siyo kwamba umeibiwa, ni vitu halali kabisa ila havimo kwenye karatasi yake. Watu wanaokwama katikati, paa limefunuliwa, skafoldi (jukwaa la mabomba la mafundi) imesimama nje na hela imekata, wengi wao walianza na ile namba moja tu wakaiita bajeti. Mwongozo huu ni wa kuijua namba ya kweli kabla hujasaini chochote. Naongelea England, mana Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana sheria zao tofauti, ukiwa huko kanuni za hela ni zile zile ila vibali uliza upya.

Hatua ya 1: panda darini na futi kamba

Kabla hujampigia mtu simu panda mwenyewe, beba tochi, futi kamba na simu ya kupigia picha. Kanyaga juu ya mbao tu, usikanyage katikati ya mbao mana pale chini ni jipsamu na mguu unatokea chumbani.

Pima toka juu ya mbao za sakafu ya dari mpaka chini ya mbao ya mgongo wa paa, pale juu kabisa. Ukipata mita 2.2 na kuendelea kuna matumaini, ukipata 2.4 uko pazuri. Hiyo namba siyo urefu wa chumba chako. Zile mbao unazokanyaga kwenye nyumba nyingi za zamani ni inchi 4 kwa 2, zimewekwa kushika dari ya chini tu, haziwezi kubeba kitanda, kabati na watu, kwaiyo zitawekwa mbao mpya nene za sakafu kati kati yake na zitasimama juu zaidi, afu paa nalo litavishwa bodi za kuzuia baridi, na huko kote unapoteza sentimita 20 mpaka 30. Kama kimo hakitoshi, njia zilizobaki ni kushusha dari ya vyumba vya chini au kuinua paa, zote zinapandisha gharama sana, na kuinua paa lazima uombe kibali kamili ambacho unaweza kunyimwa.

Angalia tena umbo la mbao. Nyumba za enzi za Malkia Victoria, Mfalme Edward wa Saba na zile za miaka ya 1930 mara nyingi zina mapau yaliyokatwa na seremala pale pale, katikati panakuwa peupe unaweza kutembea. Nyumba zilizojengwa kuanzia miaka ya 1960 nyingi zina kenchi za kiwandani, mbao nyembamba zimepangwa kama herufi W kila baada ya sentimita 60 hivi. Kenchi hizo hukati hata moja bila mhandisi, kila kipande kinashika kingine, na kuzibadilisha kunadai boriti za chuma zaidi na siku zaidi za kazi. Ukiona W pale juu, jua bajeti yako imeshapanda kabla hujaanza.

Vingine vya kuandika ukiwa mle mle: kuna tenki la maji? Bomba la moshi linapita wapi? Kuna vinyesi vya popo? Popo wanalindwa na sheria, huwezi kuwafukuza, inabidi mtaalamu aje akague na kazi inaweza kusogezwa kwa miezi. Na kama nyumba ni ya kabla ya 2000 kuna uwezekano wa asbesto, kwenye tenki la zamani, kwenye rangi ya dari yenye manyunyu, kwenye mabati ya saruji. Asbesto ilipigwa marufuku 1999. Kuipima sampuli ni hela ndogo sana, kuivunja bila kujua ni hatari kwa mapafu ya watoto wako, usipuuze hapo.

Mwisho kabla hujashuka fikiria ngazi. Ngazi ndo inaua miradi mingi kimya kimya. Kanuni inataka kimo cha mita 2 juu ya ngazi, kwa dari wanakuruhusu ipungue mpaka 1.9 katikati na 1.8 upande wa mteremko, na mwinuko wa ngazi usizidi digrii 42. Iwekwe juu ya ngazi iliyopo kama inawezekana, mana ikishindikana itakula kipande cha chumba cha chini, na kama chumba chenyewe kilikuwa kidogo basi umejenga chumba kimoja umeua kingine, hiyo hesabu inabidi uifanye na familia mezani.

Hatua ya 2: amua unataka doma gani

Doma ndogo yenye kipaa cha pembetatu inapendeza kwa nje, ila inakupa nafasi kidogo ya kusimama. Doma bapa ya nyuma inayochukua karibu upana wote wa nyumba ndo inayojengwa sana kwenye nyumba za kupangana (siyo za kukodi, ni zile zilizoshikana mstari mzima), na kwa kila mita ya mraba unayopata ndo ya bei nafuu. Ile ya umbo la L inaenda mpaka juu ya lile jengo la nyuma lenye jiko, unapata vyumba viwili na bafu ila chuma, paa na muda vinaongezeka. Nyumba ya pembeni au ya pacha (mbili zilizoungana ukuta mmoja) yenye paa linaloteremka mpaka ubavuni, huko kwanza wanainua ubavu uwe ukuta wima ndo doma ikae.

Ushauri wangu, kama hela ni ya kubana, doma moja bapa nyuma, mbele weka madirisha ya kulala kwenye paa. Ya mbele hayo yanaruhusiwa bila kibali mradi yasichomoze zaidi ya sentimita 15 toka kwenye paa, na yanaleta mwanga mwingi kwa hela kidogo.

Swali la bafu lijibu hapa hapa mana linabadilisha kila kitu. Bafu likikaa juu ya bafu la chini mabomba ni mafupi na bomba la uchafu lipo karibu. Likikaa upande wa pili wa nyumba unalipia bomba lipite chini ya sakafu kwenye mteremko, na wakati mwingine unaishia kuweka pampu ya kusaga uchafu ambayo ina kelele usiku na inaharibika.

Hatua ya 3: kibali

Nyumba nyingi England zina haki ya kujengewa doma bila kuomba kibali cha mipango miji, ila kwa masharti. Ujazo wote ulioongezwa kwenye paa usizidi mita za ujazo 40 kwa nyumba ya kupangana na 50 kwa pacha au inayojitegemea. Isizidi kimo cha paa lililopo. Isiwe kwenye mteremko wa mbele unaotazama barabara. Irudi nyuma angalau sentimita 20 toka ukingo wa chini wa paa. Vifaa vya nje vifanane na vya nyumba, hakuna baraza wala roshani, na dirisha la ubavuni liwe la kioo cha ukungu na lisifunguke chini ya mita 1.7 toka sakafuni.

Ujazo unapigwa hivi. Doma bapa ukiitazama kwa ubavu ni pembetatu, kwaiyo zidisha upana kwa kimo cha uso kwa kina, gawanya kwa 2. Mfano upana mita 4.8, kimo 2.3, kina 3.9, inakuja mita za ujazo 21.5, uko ndani kabisa ya 40. Lakini kama mwenye nyumba wa zamani alishaongeza kitu kwenye paa, nacho kinahesabiwa humo humo, na pacha akiinua ubavu nao unakula sehemu kubwa ya ile 50.

Hii haki haipo kwa flati wala mezoneti (flati ya ghorofa mbili). Haipo kwenye maeneo ya hifadhi ya majengo ya kale. Na mitaa mingi mipya iliyojengwa na kampuni kubwa iliondolewa haki hii kwenye kibali cha awali, kwaiyo mtu anasoma mtandaoni anaona ruksa, anajenga, afu barua ya kaunsili (halmashauri ya mtaa) inamfika. Angalia historia ya nyumba yako kwenye tovuti ya kaunsili.

Hata kama ruksa ipo, omba cheti cha uhalali, jina lake rasmi Lawful Development Certificate. Siyo lazima kisheria ila siku ya kuuza nyumba wakili wa mnunuzi atakiulizia. Ada yake ni nusu ya ada ya kibali cha kawaida cha nyumba, ambacho Aprili 2025 kilikuwa pauni 528, kwaiyo cheti kilikuwa 264. Ada hizi zinapandishwa, angalia ya mwaka unaoomba.

Kabla hujaenda mbele zaidi: kama nyumba ina mkopo mjulishe mkopeshaji, kama ardhi ni ya kukodi miaka unahitaji ruhusa ya mwenye ardhi ambayo nayo ina ada zake, na kama umenunua kwa mpango wa kiislamu ambao benki ni mmiliki mwenzio basi huwezi kugusa paa bila idhini yake kwa maandishi. Bima ya nyumba nao waambie kabla skafoldi haijasimama, mana bima nyingi hazilipi maji yakiingia wakati wa ujenzi ambao hawakuambiwa.

Hatua ya 4: lipia akili kabla ya matofali

Hapa watu wanabana hela na hapa ndo sipendi wabane. Mchoraji wa ramani zenye vipimo kamili, bei za kawaida zinacheza kati ya pauni 1,200 na 3,000. Mhandisi wa kupiga hesabu za boriti za chuma, 500 mpaka 1,500. Wakaguzi wa ujenzi, wa kaunsili au wa binafsi waliosajiliwa, 600 mpaka 1,200. Kwa wakaguzi chagua njia ya kupeleka michoro yote ikapitishwe kwanza, usichague ile ya taarifa fupi, mana ya taarifa fupi unajenga huku unaambiwa hapana, na kila hapana inalipiwa.

Afu kuna jirani. Boriti za chuma kwenye nyumba za kupangana na za pacha mara nyingi zinaingia kwenye ukuta mnaochangia, na hapo inakuja Party Wall Act ya 1996, sheria ya kuta za kuchangia. Unampa jirani taarifa ya maandishi miezi 2 kabla ya kazi, ana siku 14 za kujibu. Akikubali kwa maandishi umemaliza bila gharama. Akikataa au akikaa kimya inahesabika mna mgogoro, wanaletwa wapimaji (wataalamu wa kusuluhisha mambo ya ukuta huo), na kwa kawaida anayejenga ndo anayelipa wote, wa kwake na wa jirani. Weka pauni 1,000 mpaka 1,500 kwa jirani mmoja, ikifika wapimaji wawili tofauti inazidi. Kwaiyo kabla barua haijafika nenda kwake mwenyewe, gonga mlango jioni, kaa naye, muoneshe mchoro, mwambie kelele zitaanza saa ngapi na zitaisha lini, mpe namba yako. Barua ya kisheria inayofika kwa mtu ambaye hujawahi kumsalimia inamtisha, na mtu aliyetishika anatafuta mpimaji.

Hatua ya 5: kotesheni (karatasi ya bei ya mkandarasi)

Michoro ikiwa tayari wape wakandarasi watatu michoro ile ile na hesabu zile zile za mhandisi. Ukimwita mtu kabla ya michoro atakupa namba ya kukisia, na namba tatu za kukisia huwezi kuzilinganisha. Kwa picha ya jumla tu, doma bapa ya nyuma yenye chumba na bafu dogo nje ya London mara nyingi inaangukia kati ya 45,000 na 70,000, London 60,000 na kuendelea, umbo la L linaenda juu zaidi.

Sasa chukua karatasi ya kotesheni usome mstari kwa mstari. Neno la kutafuta kwanza ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ni asilimia 20, na wengi wanaandika bei kwa herufi kubwa halafu chini kabisa kwa herufi ndogo wanasema haijajumuisha VAT. Pauni 52,000 inakuwa 62,400 hapo hapo. Mwingine atakwambia kwake hakuna VAT. Kizingiti cha kujisajili toka Aprili 2024 ni mauzo ya pauni 90,000 kwa mwaka, sasa mtu anayefanya darini mbili tu za namna hii kwa mwaka keshakivuka, kwaiyo muulize vizuri kazi zake nyingine ziko wapi na risiti utapata ya namna gani. Kazi ya kulipana mkononi bila karatasi, maji yakivuja miaka miwili baadaye huna wa kumdai. Kuna punguzo moja halali la kulijua, nyumba iliyokaa tupu miaka 2 au zaidi kabla ya kazi inaweza kutozwa VAT ya asilimia 5, kama umenunua nyumba iliyotelekezwa fuatilia hilo kabla hujalipa invoisi ya kwanza.

Cha pili tafuta mistari yenye kiasi cha kukadiria. Utakuta pameandikwa vifaa vya bafu pauni 900, vigae 300. Hiyo siyo bei, ni nafasi iliyoachwa, ukienda dukani ukachagua choo, sinki, shawa na kioo chake unaweza kutoka na 2,000, tofauti inakuja kwako. Nenda dukani kwanza uchague kweli, uandike bei, ndo umrudishie airekebishe karatasi.

Cha tatu uliza kwa maandishi: skafoldi imo, na ni wiki ngapi, zikizidi inalipwaje? Skipu (kontena la taka za ujenzi) ngapi, na kibali cha kuiweka barabarani nani analipa? Paa la muda la kuzuia mvua lipo? Plasta na rangi zimo au ni plasta tu? Kazi yenyewe ikienda vizuri ni wiki 8 mpaka 12, ila ukianza Novemba mvua inakula siku, na kama huna paa la muda unalala na ndoo.

Kipaa bapa cha doma uliza kinaezekwa na nini. Kuna filti (karatasi ya lami) ya kuchomwa kwa moto ambayo ni nafuu, kuna faiba, kuna karatasi ya mpira inayotandikwa kipande kimoja bila maungio. Mimi ningeongeza hela hapa niweke mpira au faiba iliyowekwa na mtu anayejua, mana kipaa hiki ndo kinabeba maji yote, na kurudisha skafoldi baadaye kwa ajili ya uvujaji mdogo kunazidi ile tofauti uliyookoa. Angalia pia pale mashavu ya doma yanapokutana na vigae vya zamani, pawekwe bati la risasi (ile metali laini) la kuzuia maji lililokunjwa vizuri na kuingizwa chini ya vigae, siyo gundi ya silikoni. Ukienda kuona kazi ya zamani ya mkandarasi, na lazima uende, simama bustanini utazame hiyo kona, ukiona utepe wa silikoni umeshaanza kubanduka rudi nyumbani utafute mwingine.

Hatua ya 6: vile ambavyo kotesheni haivitaji

Hapa ndo tofauti inapojificha. Nyumba ya ghorofa mbili ikiongezwa darini inakuwa ya tatu, na kanuni za moto zinabadilika kwa nyumba nzima, siyo kwa chumba kipya tu. Toka juu mpaka mlango wa nje lazima kuwe na njia iliyokingwa moto, maana yake milango ya vyumba vyote vinavyofungukia kwenye ngazi inabadilishwa kuwa ya kuzuia moto, inayowekwa sana ni ya dakika 30, na ving'ora vya moshi vinavyotumia umeme wa nyumba viunganishwe kila ghorofa, kimoja kikilia vyote vinalia. Mlango mmoja pamoja na kufungwa weka 300 mpaka 400. Na kama ulishavunja ukuta wa chini sebule ikaungana na ngazi, inabidi ukuta urudi au uweke mfumo wa kunyunyiza maji, hiyo ni maelfu. Usinung'unike kwenye hili, watoto ndo watakaolala juu kule na ngazi ni hiyo hiyo moja.

Maji na joto. Kama una tenki darini lazima liondoke, na mara nyingi hapo ndo boila ya zamani inabadilishwa kuwa ya kombi (inayochemsha maji moja kwa moja bila tenki). Kombi nayo inategemea presha ya maji ya mtaani, fundi bomba aje apime kabla hujanunua shawa ya ghorofa ya tatu. Umeme: kisanduku cha fyuzi cha zamani huenda kikabadilishwa.

Mengine ni madogo madogo ila yanajazana. Rangi ya korido na ngazi yote mana vumbi litaiharibu, zulia, mapazia ya madirisha ya paa ambayo yana saizi zake, kabati za kuchongwa za kuingia chini ya mteremko mana kabati la dukani halikai, stoo ya kukodi kwa vile vitu vyote vilivyokuwa darini. Nyufa kwenye dari za chini zitatokea, sakafu ikipigwa misumari juu plasta ya zamani chini inapasuka.

Kodi ya kaunsili haipandi kwa kujenga tu, bendi inaangaliwa upya nyumba ikiuzwa, kwaiyo hiyo usiiweke.

Hatua ya 7: piga jumla

Nachukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu ya kupangana, doma bapa nyuma, chumba na shawa. Namba ni za kuonesha hesabu, weka zako.

Michoro 1,800
Mhandisi 900
Cheti cha uhalali 264
Wakaguzi 900
Jirani mmoja kakubali, mmoja kaleta mpimaji 1,200
Mkandarasi 52,000, na VAT yake 10,400
Milango 5 ya moto 1,750
Boila na mabomba, nyongeza 2,500
Rangi, zulia, mapazia, kabati 3,800

Hapo ni 75,514. Juu yake weka akiba ya dharura asilimia 15 ya malipo ya mkandarasi, yani 9,360, inakuja 84,874. Karatasi ya mkandarasi ilisema 52,000. Ile akiba ya dharura usiihesabu kama hela ya kununulia sofa, iweke akaunti nyingine kabisa, mana paa likifunuliwa ndo utajua kama mbao zimeoza au ukuta wa bomba la moshi umelegea. Nyumba ya zaidi ya miaka mia ningeweka asilimia 20.

Jumla ikizidi uwezo, punguza kwa akili. Ondoa bafu uache mabomba yamezibwa tayari, utaliweka mwakani. Paka rangi mwenyewe na jamaa zako wikendi. Chagua madirisha ya saizi za kawaida za kiwandani. Punguza upana wa doma. Ila chuma, bodi za kuzuia baridi, uezekaji wa kipaa na milango ya moto usiguse, vitu hivyo vikishafunikwa huvifikii tena bila kuvunja.

Hatua ya 8: hela itoke wapi na kwa ratiba gani

Wengi wetu tuna akiba, upatu, na wengine wanaongeza mkopo juu ya ule wa nyumba. Upatu ni mzuri mana hauna riba ila hakikisha zamu yako inafika kabla ya kazi kuanza, siyo katikati, mkandarasi hasubiri zamu ya mtu. Asiyetaka riba na hana zote aigawe kazi: mwaka huu michoro, vyeti, mhandisi na majirani, mwaka unaofuata ujenzi. Cheti na michoro havikimbii, na muda huo unaendelea kuweka. Kitu kibaya ni kuanza ujenzi nusu, paa likishafunuliwa hakuna kusimama.

Vitu unavyonunua mwenyewe kama madirisha au vifaa vya bafu, vyenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, ukilipa kwa kredit kadi sheria inaifanya benki iliyotoa kadi iwajibike pamoja na muuzaji, duka likifilisika unadai benki. Kadi yenyewe ilipe yote mwezi huo huo kama unakwepa riba.

Hatua ya 9: lipa kwa kazi iliyoonekana

Mkataba uandikwe, ratiba ya malipo iwe ndani yake na ifungwe kwenye kazi, siyo kwenye tarehe. Amana ndogo ya kuanzia. Malipo yanayofuata chuma na sakafu vikishawekwa na mkaguzi kavipitisha, halafu doma ikiwa imezibwa haipitishi mvua, halafu mabomba na waya kabla ya plasta, halafu plasta, halafu kumaliza. Anayetaka nusu ya hela siku ya kwanza ili anunue vifaa mwambie utanunua wewe moja kwa moja dukani viletwe nyumbani kwako. Mabadiliko yoyote katikati, hata kuhamisha soketi, yaandikwe kwa meseji na bei yake kabla hayajafanyika, mana haya ya mdomo mdomo ndo yanayoleta ugomvi mwisho.

Piga picha kila ukuta kabla haujafunikwa, boriti, bodi, mabomba, waya, zitakusaidia siku unatoboa kutundika kitu na siku unauza.

Asilimia 5 ya mwisho ishikilie, iandikwe kwenye mkataba toka mwanzo, na usiitoe mpaka uwe na karatasi hizi mkononi: cheti cha kukamilika toka kwa wakaguzi, cheti cha umeme, cheti cha boila kama imeguswa, na dhamana ya kipaa bapa yenye jina la aliyekiezeka. Mkandarasi akisema cheti cha wakaguzi kitakuja tu kwa posta, mjibu kwa upole kwamba hela nayo itakuja siku hiyo hiyo.